Rehani ya Mzee Rehani

Aliyekosa kutusoma siku za nyuma asijali, mambo ya Mwaisha bado ya moto. Mwaisha ni mama wa Kihonda, muuza barafu na maji ya baridi, mwanamke wa maneno mengi na cheko linalosikika mtaa wa pili. Mwaka huu alitamani kuuza kabichi. Akakopa kwa Bwana Castory, mwenye ofisi ya mikopo ile tunayoiita kausha damu, akapanda milimani Mgeta, akajaza lori. Mvua ikashuka, lori likanasa kwenye tope, na kabichi zilipofika sokoni hata mbuzi walizipita. Kabichi zikatupwa, deni likabaki.

Akawa analipa kila Jumatatu. Ili asikate tamaa, yeye na shoga yake Editha, ambaye naye ana deni kwa Castory huyo huyo, walipatana kwamba kila wakipeleka rejesho wanajipongeza kwa kitu cha bei chee. Peasi zilizobonyea, jioni, muuzaji anapotaka kufunga. Kahawa na kashata. Au wanakwenda mtoni kuloweka miguu na kuwasengenya waume za watu, hiyo haina bei kabisa.

"Tusipojipongeza," Editha husema, "siku tukimaliza deni tutakuta tumesahau kucheka."

Na mbele yao kulikuwa na zawadi kubwa. Pale ofisini kwa Castory, mteja akimaliza deni anapewa soda ya baridi na wote waliopo wanampigia makofi. Mwaisha alikuwa anaiota ile soda.

Lakini Mwaisha alikuwa na starehe nyingine, ya peke yake. Misiba.

Mnaguna? Guneni tu. Ukoo wa mama yake una watani wengi huku Uluguru, na mtani akiwa msibani hakuna wa kumgusa. Anakula, anawatania wafiwa, analala chini jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na hakuna anayemkasirikia, maana kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa. Kwa Mwaisha ile ilikuwa nafasi ya kukaa mahali ambapo si mdaiwa wa mtu.

Ndipo akafa Mzee Rehani, fundi cherehani, mtani wake halisi. Jeneza linatoka uani, Mwaisha akajitupa chini, kanga kiunoni.

"Haondoki mtu hapa! Nilimkopesha laki tatu huyu! Na kwa kuwa jina lake Rehani, basi namshika rehani yeye mwenyewe mpaka mnilipe!"

Msiba mzima ukavunjika mbavu. Wakamrushia sarafu, akainuka, akajipangusa vumbi, jeneza likapita. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa kijana mgeni, kalishika jeneza upande wa mbele, akamwangalia Mwaisha kama mtu anayekariri sura.

Jumapili jioni, baada ya khitma, yule kijana akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Barafu zimeisha, labda maji."

"Sikuja kununua. Mimi ni Abdulswamad, mtoto wa marehemu Mzee Rehani. Nimetoka Pemba, hatukuwahi kuonana na baba."

Mwaisha akampa kigoda. Moyoni alidhani kaletewa sahani ya pilau, na mate yakaanza kumtoka. Kijana hakukaa. Akatoa bahasha mfukoni, akaishika kwa mikono miwili.

"Siku ile ya maziko ilitangazwa, mwenye kumdai marehemu anione mimi. Hakuja mtu. Wewe peke yako ndiye uliyetamka. Hii ni laki, mama. Zilizobaki naomba univumilie."

Hapa lazima niwaeleze. Abdulswamad alizaliwa na kukulia Pemba, kwa mama yake. Huko hakuna mtu anayelala mbele ya jeneza kwa mzaha. Aliitwa kwa simu na majirani baba yake akiwa hoi, akafika amekwisha kukata roho. Mambo ya watani wetu wa milimani angeyajulia wapi?

Mwaisha akacheka kidogo. "Aaa, mwanangu, ile..."

Friji lilikuwa linanguruma nyuma yake. Kesho yake ni Jumatatu, naye hakuwa na kitu, na vijana wa Castory walishaapa kwamba akikosa tena wanalibeba lile friji. Friji likienda, barafu zimekwenda, na ugali wa wanawe umekwenda.

"Ile nini, mama?"

"Ile... hata ungesubiri arobaini ipite."

Jamani! Ni maneno mangapi alitakiwa kusema? Ule ulikuwa utani tu. Basi.

"Nisubiri vipi?" kijana akasema. "Baba yuko kaburini na roho yake imefungwa na deni. Mimi chakula hakipiti." Akaweka bahasha juu ya friji. Kisha akasita. "Naomba uniambie kitu kimoja. Baba alikopa za nini?"

Swali hilo Mwaisha hakulitegemea. Ila ulimi wake umezoea kutunga misibani, ukatunga na hapo.

"Za nauli."

"Nauli ya kwenda wapi?"

"Yako wewe. Alitaka akutumie uje. Alikuwa akisema, nina kijana wangu Pemba, nakufa simjui sura. Basi nikampa. Maradhi yakamuwahi, zikaishia hospitali."

Sasa ndipo Abdulswamad alipokaa. Alikaa kwenye kile kigoda akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakaanza kutikisika.

"Nimekua najua hanitaki," alisema kwa taabu. "Mama alikuwa akiniambia, baba yako keshakusahau. Kumbe alikuwa anakopa."

Mwaisha akamletea maji ya baridi. Ya bure. Hilo ndilo jambo jema pekee alilofanya jioni ile, na hata hilo lilimchoma.

Jumatatu friji likapona. Mwaisha akapeleka rejesho, na chenji iliyobaki akaenda kujipongeza kwa mishikaki na ndizi choma, akamwita Editha.

"Heee! Leo nyama?" Editha akavuta kiti. "Umeokota?"

"Kula, shoga. Maswali ya nini?"

"Mkataba wetu ni peasi za kubonyea, si mishikaki. Umetoa wapi?"

Mwaisha akajaribu kuleta mzaha, haukutoka. Mwishowe akaeleza: jeneza, bahasha, laki. Alieleza haraka haraka huku anatafuna. Habari ya nauli hakuitaja.

Editha akaurudisha mshikaki kwenye sahani. Alikuwa hajaumaliza.

"Mwaisha. Unanilisha pesa ya maiti."

"Si ya maiti, ya mtoto wake."

"Ndiyo imekuwa nafuu?"

"Nitamrudishia."

"Lini?"

"Nikimaliza deni."

"Nimekuuliza lini."

Editha akabeba mkoba wake. "Mimi nina deni kama wewe," akasema, "na juzi nilijipongeza kwa kulala mapema. Kamwambie mtoto wa watu, kabla hajakuletea nyingine." Akaondoka zake.

Mwaisha akabaki na sahani. Nyama ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Aliimaliza yote huku machozi yanamlengalenga, maana kuitupa nako ni dhambi.

Haikupita wiki akapiga moyo konde. Akafunga kwenye pindo la kanga vijisenti vya barafu alivyokuwa navyo, akaenda kwenye kibaraza cha Mzee Rehani. Nia yake, na hapa namwamini, ilikuwa kusema yote.

Akamkuta Abdulswamad kwenye cherehani ya baba yake, anashona sare ya shule. Fundi kazaa fundi, alijifunza hukohuko Pemba. Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha maji na kipande cha kashata kwenye karatasi.

"Ndiyo chakula cha mchana hicho?" Mwaisha akauliza.

Kijana akacheka kwa aibu. "Cha mchana nimekiacha kwa sasa. Hii ni starehe yangu, mama. Kila nikitenga pesa ya deni la baba najinunulia kashata moja, nisikate tamaa. Nikiitafuna nasema, Abdulswamad, umejitahidi leo."

Mwaisha alihisi kama kachapwa kofi. Kashata ile ile, maneno yale yale. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa anajipongeza kwa kulipa deni ambalo halikuwepo.

"Mwanangu, nimekuja tuzungumze. Kuhusu yale niliyosema..."

"Na mimi nilikuwa nakuja kwako!" Kijana akasimamisha cherehani, macho yanang'aa. "Nimempigia mama Pemba. Nimemwambia habari ya nauli. Mama yangu ni mgumu, hata baba alipokufa hakumlilia. Juzi kalia mpaka salio likaisha. Kasema amemsamehe. Kaniomba nimsomee baba Yasini kwa niaba yake."

"Kamsamehe?"

"Kila kitu. Toka nizaliwe sijamsikia akilitaja jina la baba bila kutema mate. Sasa anasema, marehemu Rehani." Akavuta droo ya cherehani, akatoa noti zilizokunjwa kunjwa, za wateja, zina harufu ya mafuta ya mashine. "Hii laki ya pili. Nimechukua malipo ya sare zote kabla ya kuzishona."

Mwaisha alikuwa amekuja kurudisha. Nilipomuuliza ilikuwaje akapokea, aliniambia mkono ulipokea wenyewe. Mkono wa nani, dada? Akaangalia chini.

"Na hizi." Kijana akamshikisha pakiti ya kashata. "Mtu aliyempa baba nauli yangu simwachi aende mikono mitupu."

Akarudi Kihonda na kile alichokwenda kurudisha, na laki juu yake, na kashata juu ya laki. Kashata aliwapa wanawe. Aliwaangalia wakila, akaingia ndani, akajifungia.

Ndipo akajipangia hesabu yake, ile ya mtu mwenye hatia anayetaka kulala usingizi. Kwa laki hii nitamaliza kwa Castory kwanza, alijiambia. Nikishakuwa huru nitaanza kumrudishia Abdulswamad kidogo kidogo, na ile laki ya tatu nitamwambia nimemsamehe. Nauli nitaiacha kama ilivyo, haimdhuru mtu. Kila mtu atabaki na chake. Akaiona ni hesabu nzuri.

Jumatatu iliyofuata akavaa gauni la sikukuu, akaenda kwa Castory. Akaweka pesa mezani. Castory, mtu mfupi wa kitambi na sauti nene, akazihesabu, akasimama.

"Jamani! Mama Mwaisha leo kamaliza! Mpigieni makofi! Leteni soda!"

Waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi, wengine kwa furaha, wengine kwa wivu. Soda ikaja, ya chungwa, chupa inatoa jasho kwa ubaridi. Mwaisha akainywa funda la kwanza amefumba macho. Alikuwa ameingoja soda hiyo toka siku kabichi zilipooza. Alikuwa anakwenda funda la pili mlango uliposukumwa.

Aliyeingia alikuwa na cherehani begani, shati limelowa jasho, mishipa ya shingo imemtoka. Akaitua juu ya meza ya Castory kwa uangalifu kama anayelaza mtoto.

"Nahitaji laki moja, bwana. Dhamana nimeleta."

Mwaisha akarudi nyuma taratibu, akajibanza karibu na dirisha.

Castory akaigonga cherehani kwa kidole. "Nzima?"

"Nzima. Ya marehemu baba yangu, Mzee Rehani."

Castory akaangua kicheko. "Mmesikia? Cherehani ya Rehani inawekwa rehani!"

Ofisi ikacheka. Mwaisha aliujua mzaha ule, ulikuwa ni wake mwenyewe, umerudi kumtafuta.

"Sasa wewe fundi," Castory akasema, "cherehani nikikaa nayo mimi utashonea nini? Meno?"

"Sare za watu nimekesha nikizimaliza. Sasa nitafanya vibarua. Mungu yupo."

"Sawa. Mdhamini wako nani?"

"Hapa mjini sina mtu."

"Una bahati, leo nimefurahi." Castory akanyoosha mkono kuelekea dirishani. "Nina mteja safi hapa, kamaliza deni sasa hivi. Muombe vizuri. Mama, sogea."

Abdulswamad akageuka. Uso wake ukachangamka. "Mama! Kumbe upo!" Akamgeukia Castory. "Ndiye huyu! Ndiye ninayemkopea. Baba alikuwa na deni lake, imebaki laki. Nikimlipa leo, usiku huu baba analala hana deni na mtu."

"Ahaa," Castory akasema. "Mama Mwaisha, kumbe na wewe una ofisi yako ya mikopo?"

Wakacheka tena. Mwaisha aliiangalia ile cherehani, rangi yake imebanduka pale mkono wa mzee ulipokuwa ukiegemea, akaona ile hesabu yake nzuri ikianguka yote. Kijana huyu angeingia kausha damu, angekimbizwa kila Jumatatu kama alivyokimbizwa yeye, kwa deni lisilokuwepo.

"Abdulswamad," akasema. "Beba cherehani yako uende nyumbani."

"Kwa nini, mama?"

"Baba yako hadaiwi. Sikumkopesha hata senti. Mimi ni mtani wenu. Siku ile nilikuwa natania, ndiyo mila yetu."

Amesema. Hatimaye amesema. Akasimama anangoja atukanwe, hata apigwe.

Abdulswamad akatabasamu.

"Jirani kanieleza juzi habari za watani," akasema kwa upole. "Kaniambia mtani wa kweli anaweza kukusamehe deni kwa mzaha, ili usione aibu. Nikajua tu iko siku utanifanyia hivi. Ahsante sana, mama yangu. Lakini sitaki kusamehewa. Nataka baba alipiwe."

"Haki ya Mungu nakwambia kweli!"

"Na kuapa mnaapa, kaniambia hilo pia."

Ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko. Castory alikuwa anafuta machozi. Akakisogeza kidau cha wino mbele ya Mwaisha. "Haya mtani, weka dole gumba, kijana apate pesa akulipe. Utu wako umetushinda leo humu ndani."

Mwaisha akapiga meza kwa nguvu zake zote. Chupa ikaanguka.

"Nimesema sikumkopesha! Laki zako mbili nimezila, Abdulswamad! Nimemlipa nazo huyu hapa! Nimekula mishikaki! Hata hii soda nanywa kwa pesa zako, na wewe unashinda na kashata moja!"

Kicheko kikakatika. Castory akaziangalia zile noti mezani pake, akazivuta taratibu karibu na kitambi. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Astaghafirullahi."

Abdulswamad hakuziangalia noti. Wala hakumtukana Mwaisha. Soda ilikuwa inatambaa mezani kuelekea kwenye cherehani, naye akavua kofia yake, akaikinga isifike kwenye mashine. Alifanya hivyo polepole, kama anayetafuta muda wa kuliuliza lile lililokuwa likimjia.

"Kama hukumkopesha," akasema, "basi ile nauli?"

Mwaisha akafungua mdomo.

"Usinitanie, mama," kijana akasema, na sauti sasa ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa. "Pesa kula, nimekuachia. Niambie ya nauli tu. Maana mama yangu keshamsamehe baba."